Kuimba RAM, mbegu ya moto: mwongozo kamili wa kutafakari kwenye chakra ya Manipura

Anayeanza kuimba mantra (maneno matakatifu ya kurudiarudia) za chakra, vituo vya nguvu vinavyoaminika kupangwa kwenye uti wa mgongo, kwa kawaida hupewa silabi sita kwa mkupuo mmoja: LAM, VAM, RAM, YAM, HAM, OM. Anaanzia chini ya uti wa mgongo, anapanda hadi katikati ya nyusi, dakika kumi zimekwisha, na hakuna silabi hata moja aliyoisikia sawasawa. Mimi naamini katika silabi moja kwa wakati wake. Hapa tutaishika RAM, mbegu ya moto inayokaa kitovuni, kwenye chakra iitwayo Manipura: ilikotoka, inavyotamkwa, inavyoimbwa hatua kwa hatua, na namna ya kuutuliza moto wake ukishamaliza. Hilo la mwisho husahaulika kuliko yote, na ndilo lililonisukuma kuandika.

RAM imetoka wapi

Katika mapokeo ya tantra ya Kihindu, yaani njia ya ibada inayotumia mantra na picha za akilini, bija ni mantra ya silabi moja. Huitwa mbegu kwa sababu nguvu yote ya mungu fulani au ya asili fulani ya ulimwengu inaaminika kukunjwa ndani yake. Maelezo ya chakra sita yanayonukuliwa zaidi leo yamo katika Shat-chakra-nirupana, maandishi ya Kisanskriti ya Purnananda wa Bengal, ya mwaka 1577. Mwaka 1919 John Woodroffe, jaji Mwingereza wa Mahakama Kuu ya Calcutta, aliyatoa kwa Kiingereza kwa jina la Arthur Avalon, na kutoka hapo yakaenea duniani.

Jambo moja katika maandishi hayo hubadilisha namna nzima ya kuimba. Mbegu tano za kwanza ni za asili tano za ulimwengu zinazokaa ndani ya chakra: LAM ni ya ardhi, VAM ya maji, RAM ya moto, YAM ya hewa, HAM ya anga. Kwa hiyo anayeimba RAM anauita moto, na Manipura ndiyo nyumba ya moto huo mwilini. Ukiambiwa kwamba RAM "inafungua kujiamini" au "inaleta pesa", fahamu kwamba hayo ni ya karne iliyopita na hii tuliyomo. Maandishi ya zamani yanazungumzia moto.

Moto wenyewe si mgeni katika dini hiyo. Rigveda, andiko la kale kuliko yote ya Wahindu, linafunguliwa kwa jina la Agni, mungu wa moto. Katika Bhagavad Gita, andiko jingine lao, sura ya 15, aya ya 14, mungu Krishna anasema kwamba yeye ndiye moto unaokaa ndani ya miili ya viumbe na kumeng'enya chakula chao. Wahindu wanapotaja moto wa tumboni wana maana hiyo hasa: ule unaopika ugali uliokula, na ule unaokupa uwezo wa kuamua jambo na kulisimamia.

Hapa niseme wazi. RAM ilitokana na ibada na bado imo ndani ya ibada. Katika picha ya Purnananda, mbegu hii imekaa juu ya kondoo dume, kipando cha Agni, na pamoja nayo wamo mungu Rudra mwenye macho matatu, aliyejipaka majivu, na mungu wa kike Lakini. Wapo wanaoitumia kama zoezi la sauti na pumzi tu, na walimu wengi wa yoga hawana kinyongo nao. Lakini msomaji Mwislamu au Mkristo ana haki ya kujua anachokishika kabla hajakishika, aamue kwa imani yake.

Na kwa anayeishi Mombasa, Unguja, Dar es Salaam au Nairobi, akifikiri kwamba hekalu lolote la Kihindu litamfundisha haya: Wahindu wengi wa kwetu wana asili ya Gujarat, na ibada yao ya kila siku ni puja (kumtolea mungu sadaka), arati (kuzungusha taa mbele ya sanamu yake), nyimbo za kumsifu Mungu na kulitaja jina lake. Chakra hazimo katika maisha ya kila Mhindu. Ingia kwa adabu, uliza, wala usishangae mzee wa hekalu akikuambia hilo si somo lao.

Picha ya kushika akilini

Manipura maana yake ni jiji la vito. Ni yungiyungi lenye petali kumi, na kila petali imebeba herufi moja ya Kisanskriti. Petali hizo, anasema Purnananda, zina rangi ya mawingu mazito ya mvua. Ndani yake mna pembetatu nyekundu yenye kung'aa mfano wa jua linapochomoza, ncha yake ikielekea chini, na ndani ya pembetatu ndimo ilimo RAM.

Picha nyingi za siku hizi zinaionyesha Manipura kwa manjano, kwa kufuata rangi za upinde wa mvua zilizogawiwa chakra katika karne ya 20. Ukiwa umezoea manjano hutadhurika. Mimi nashauri ile ya zamani, kwa sababu inafanya kazi akilini: wingu jeusi pande zote, moto mwekundu katikati. Jicho la ndani lina pa kutulia.

Kuitamka

Hapa nitakaa kidogo, maana mantra ya silabi moja ikikosewa hakuna silabi ya pili ya kuiokoa.

Anza na R. Wengi wetu tumelelewa na lugha za nyumbani ambazo R na L hubadilishana bila mtu kushtuka. Katika Kiswahili cha mazungumzo utaeleweka tu. Kwenye mbegu hizi, LAM ni ardhi na RAM ni moto, kwa hiyo anayeteleza anakuwa ameita kitu kingine kabisa. Kama ulimi wako unateleza, tumia siku chache za mwanzo kusema "ra-la-ra-la" polepole, ukihisi tofauti: kwenye L ncha ya ulimi inaganda kwenye ufizi wa juu na hewa inapita pembeni, kwenye R inagusa mara moja na kuachia. Kwa R ya Kisanskriti ncha hiyo hurudi nyuma kidogo kuelekea kaakaa. Usiitetemeshe.

Halafu A. Ni fupi. RAM ya moto ina irabu fupi, na huo urefu una kazi: Rāma, jina la mungu shujaa wa utenzi wa Ramayana, lina A ndefu. Ukivuta "raaaaam" mpaka pumzi iishe, umeondoka kwenye moto. Fungua mdomo, A itoke kwa nguvu kiasi kutoka tumboni, kisha upite.

Kinachovutwa ni mwisho wake. Katika maandishi ya Kihindi M hiyo ni nukta juu ya herufi, bindu, na ndiyo sehemu inayorefushwa. Fumba midomo taratibu, meno yasigusane, uache mvumo upite puani. Bengal, alikotoka Purnananda, nukta hiyo hutamkwa kama ng' ya ng'ombe, na wako walimu wanaoifuata. Sauti hiyo kwetu si ngumu hata kidogo. Kama huna mwalimu, nashauri M ya midomo iliyofumbwa, kwa sababu mvumo wake unausikia kirahisi zaidi. Kipimo changu ni hiki: pumzi ikigawiwa mara tatu, fungu moja liwe la RA, mafungu mawili ya mvumo.

Sauti iwe ya chini, ile unayozungumza nayo ukiwa umetulia. Weka kiganja kitovuni, imba mara moja. Ukihisi mtikisiko mdogo na misuli ya tumbo ikiingia ndani polepole, umepata. Ukihisi kooni tu, shusha sauti.

Mahali, wakati na kikao

Wakati unaosifiwa na mapokeo ni brahma muhurta, unaoanza takriban saa moja na dakika 36 kabla ya jua kuchomoza na kudumu dakika 48. Jua likichomoza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi ni kuanzia saa kumi na dakika 54 hadi saa kumi na moja na dakika 42 alfajiri. Kama kazi zako haziruhusu, jioni inafaa. Usiku wa manane kabla ya kulala haufai kwa mbegu hii. Moto huchangamsha, nawe unataka usingizi.

Tumbo liwe tupu. Baada ya mlo mzito acha saa tatu zipite. Unaenda kuelekeza akili yote kitovuni, na tumbo lililojaa pilau litakupigia kelele zake.

Kaa juu ya mkeka uliotandikwa blanketi au kitambaa kinene, uso ukielekea mashariki. Kunja miguu kwa namna usiyoumia, na kama nyonga zako ni ngumu weka mto chini ya makalio ili magoti yashuke. Mwenye maumivu ya magoti akae kwenye kiti kigumu, nyayo zikigusa sakafu, mgongo usiegemee. La msingi ni uti wa mgongo ulionyooka na tumbo lisilobanwa. Legeza mkanda, legeza khanga.

Wanaotaka kuhesabu hutumia mala, uzi wa shanga 108, mara nyingi za mbegu za rudraksha. Shikilia kwa mkono wa kulia, uzi ulale juu ya kidole cha kati, kidole gumba kivute shanga moja kwa kila RAM. Kidole cha shahada hukaa pembeni, hakigusi. Ukiifikia ile shanga kubwa inayoning'inia, meru, usiivuke; geuza mala urudi ulikotoka.

Hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza. Kaa kimya dakika tatu, macho yamefumbwa, ukipumua kwa pua. Acha tumbo lijae pumzi inapoingia na kushuka inapotoka. Usilazimishe urefu wowote.

Hatua ya pili ni kutafuta mahali. Kitovu chenyewe ni kama kibao cha mlangoni. Walimu wa shule ya yoga iliyoanzishwa Munger, Bihar, miaka ya 1960 hukiita kshetram, yaani uwanja wa chakra. Chakra yenyewe iko nyuma, ndani ya uti wa mgongo, usawa wa kitovu. Weka kidole kimoja kitovuni na kingine mgongoni usawa huohuo, bonyeza kidogo, halafu ondoa mikono. Pumzi ikiingia, akili itoke kitovuni iende nyuma mpaka mgongoni. Ikitoka, irudi mbele. Fanya hivyo pumzi kumi hivi, mpaka njia hiyo iwe inajulikana.

Hatua ya tatu, imba OM mara tatu kwa utulivu. Ni desturi ya kufungua, na inasafisha koo.

Hatua ya nne, ilete picha: wingu, pembetatu nyekundu, ncha chini. Isipokuja vizuri usigombane nayo. Kuna watu ambao akili zao haziumbi picha kirahisi, na hao washike joto badala ya umbo. Wahisi tu kana kwamba kuna kaa la moto mgongoni nyuma ya kitovu.

Hatua ya tano ndiyo moyo wa zoezi. Vuta pumzi kamili, kisha RAM moja kwa pumzi moja, kwa sauti. Ukimaliza mvumo, usikimbilie nyingine. Vuta pumzi tena, na wakati huo pembetatu ing'ae zaidi. RAM ya namna hii huchukua kama sekunde kumi pamoja na kuvuta pumzi. Anza na mara 27, robo ya mala, yaani dakika nne na nusu hivi. Baada ya wiki mbili nenda 54. Mala nzima ya 108 itakuchukua kama dakika 18, nayo inatosha kwa mtu yeyote asiye na mwalimu.

Hatua ya sita. Mapokeo yana ngazi tatu za kurudia mantra: vachika kwa sauti, upamshu kwa midomo, manasika kwa moyo. Baada ya sauti, endelea kwa midomo: inacheza, lakini mtu aliye karibu asisikie neno. Hapa RAM kadhaa zinaweza kuingia katika pumzi moja inayotoka. Mara 27 tena.

Hatua ya saba, midomo na ulimi vitulie. RAM isikike ndani tu, kitovuni, ikifuata mwendo inaoutaka. Usihesabu. Maandiko yanaiona ngazi hii kuwa bora kuliko zote, na wengi wanapenda kuanzia hapa kwa sababu haina kelele. Nawasihi wasifanye hivyo. Akili isiyoandaliwa na sauti hutoroka baada ya RAM nne, na mwenye nayo hata hagundui. Sauti ni kamba ya kuifunga, ifungwe kwanza.

Hatua ya nane, acha mantra yenyewe. Kaa dakika tatu mpaka tano na kile kilichobaki. Wakati mwingine ni joto, wakati mwingine ni kimya tu, na wakati mwingine ni orodha ya mambo ya sokoni. Usichague.

Kuutuliza moto

Sasa lile nililoahidi. Mahanirvana Tantra, andiko jingine la tantra, inaeleza ibada iitwayo bhutashuddhi, kutakasa asili za mwili, na mpangilio wake unafundisha. Mwabudu anaanza na YAM, hewa, inayoukausha mwili wa dhambi. Kisha RAM, nyekundu, kitovuni, inauteketeza. Kisha VAM, nyeupe, kwenye paji la uso, inamwaga maji ya uhai juu ya majivu. Mwisho LAM, ya manjano, chini ya uti wa mgongo, inaupa mwili mpya uimara. RAM haikai mwisho popote katika mpangilio huo. Moto ukishawaka, maji huja, na baada ya maji huja ardhi.

Masomo mengi ya haraka hukata katikati: mtu anaimba RAM 108, anainuka, anakwenda kazini na moto wake. Halafu anashangaa mbona mchana kutwa ana hasira fupi, au kiungulia, au usiku hapati usingizi. Walimu wa zamani wangemwambia tu kwamba hakumwaga maji.

Basi funga hivi kila siku bila kuacha. Peleka akili kwenye paji la uso, imba VAM mara saba kwa sauti laini, ukiona maji meupe yakishuka kichwani, usoni, kifuani, mpaka yafike tumboni na kuupoza moto. Namba saba ni ushauri wangu kwa zoezi la nyumbani. Cha kulinda ni mpangilio. V hiyo ni laini, meno ya juu yakigusa mdomo wa chini kwa shida, karibu na W. Kisha peleka akili chini unapokalia, uone mraba wa manjano, imba LAM mara saba, nzito, polepole. Sikia uzito wa mapaja yako juu ya mkeka. Sugua viganja, vifunike macho, fumbua macho ndani ya viganja, ndipo uinuke.

Hesabu kubwa na pumzi ya kushikilia

Katika ibada hiyohiyo ya bhutashuddhi, YAM hurudiwa mara 16 pumzi ikiingia puani kushoto, RAM mara 64 pumzi ikiwa imeshikiliwa, VAM mara 32 ikitoka. Namba hizo zimenakiliwa kila mahali na watu wanazijaribu peke yao chumbani. Usizijaribu. Kushikilia pumzi kwa hesabu ya 64 ni kazi ya mtu aliyefundishwa miaka mingi na anayesimamiwa. Katika mwongozo huu hakuna pumzi inayoshikiliwa hata mara moja.

Vivyo hivyo kwa mbegu nyingine. RAM, kama mbegu zote tano za asili, hufundishwa waziwazi. Mbegu za miungu kama HRIM na KLIM kwa desturi hupokewa kutoka kwa guru, mwalimu wa kiroho, kupitia diksha, yaani ibada ya kumwingiza mwanafunzi, na inafaa kuiheshimu desturi hiyo hata kama intaneti imezimwaga zote hadharani.

Nani asubiri

Mjamzito asiimbe RAM ya kusukuma tumbo. Aimbe OM laini au apumzike. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo au mwenye ngiri amuulize daktari kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo aendelee na dawa zake zote, kwani mantra haziponyi vidonda, na akihisi moto unazidi aache RAM, abaki na VAM. Anayetibiwa ugonjwa mkubwa wa akili, hasa wa kusikia sauti, asikae peke yake na mantra ya ndani bila kushauriana na anayemtibu.

Siku arobaini za kwanza

India watu hupenda kushika zoezi kwa siku 40 bila kukatiza, wakati uleule na mahali palepale. Nakubaliana nao. Wiki ya kwanza ni ya matamshi. Usitegemee kitu kingine. Wiki ya pili na ya tatu mara nyingi huchosha, na hapo ndipo wengi huhamia YAM au HAM wakidhani wamekosea mbegu. Baki. Karibu na wiki ya nne utaanza kuona jambo ambalo si la kimiujiza hata kidogo: njaa inakuja kwa wakati wake, na unapotakiwa kusema hapana, inatoka bila kelele.

Ukikosa siku moja, endelea kesho yake kwa hesabu ileile, usilipe deni kwa kuimba mara mbili. Ukikosa nyingi, anza upya. Na siku ambayo umepata dakika tano tu, imba RAM tisa, VAM saba, LAM saba. Punguza moto kadiri upendavyo, lakini maji na ardhi visipunguzwe.